Hekalu Kuu la Thanjavur na Swali la Wenyewe

Katika bonde la mto Kaveri, kusini mwa Bara Hindi, nchi tambarare ya mifereji na mashamba ya mpunga ambamo mkulima aweza kulima umri wake wote na jembe lake lisigonge jiwe, limesimama hekalu lililojengwa kwa matale tangu msingi wake hata kilele, na mnara wake wapata mita 60 kwenda juu. Mji ni Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu. Mungu anayeabudiwa humo ni Shiva, kwa umbo la nguzo ya jiwe iitwayo linga, na hiyo iliyomo katika chumba cha ndani kabisa ina kimo cha karibu mita 4. Aliyelijenga ni Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola, aliyetawala tangu mwaka 985 hata 1014, naye alilipa jina lake mwenyewe, likaitwa Rajarajesvaram. Jina la Brihadisvara, ambalo ndilo mashuhuri zaidi ulimwenguni leo, lilikuja baadaye sana, na Watamili wenyewe hupenda kuliita Hekalu Kuu tu. Msomaji wa pwani yetu aliyezoea kuyaona mahekalu ya Kihindu ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam na akumbuke kuwa mengi ya hayo yalijengwa na watu wa asili ya Gujarati na Kachi, na kwamba kusini mwa Bara Hindi ni nchi nyingine kwa lugha, kwa ujenzi na kwa taratibu za ibada.

Wanaolieleza hekalu hili kwa wageni aghalabu hukimbilia maajabu mawili. La kwanza ni kwamba kivuli cha mnara hakianguki chini kamwe, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa yeyote asimamaye uani jua likiisha kupinda hukiona kivuli hicho kimelala juu ya sakafu. La pili ni kwamba kilele ni jiwe moja la tani 80, lililopandishwa kwa kuvutwa na ndovu juu ya tuta refu lililoanzia kijiji cha mbali, na hili nalo halikusimama mbele ya wachunguzi wa majengo, ambao wameona kuwa kilele kimeungwa kwa vipande kadha wa kadha. Sioni ubaya wa watu kuistaajabia kazi ya mikono, kwani kuyaleta mawe yote yale katika nchi isiyokuwa na mawe, kuyachonga, na kuyapandanisha hata yakafika kimo kile, ni kazi isiyohitaji kutiwa chumvi. Lakini maajabu hayo mawili yamekuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo limefichika jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mnara, nalo ni kwamba kuta za hekalu zimejaa maandishi, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa si sala wala hadithi za miungu, bali ni hesabu: nani alitoa nini, nani alipewa nini, nani anadaiwa nini, na kwa muda gani. Kwa kuzisoma hesabu hizo ndipo mtu aweza kuliuliza sawasawa swali ambalo kila zama, tangu mwaka 1010 hata miaka yetu hii, imelijibu kwa namna yake, yaani hekalu hili ni la nani.

Mfalme mwenyewe alitoa jibu la kwanza. Siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa enzi yake alikabidhi chungu cha shaba kilichofunikwa dhahabu ili kiwekwe juu ya kilele, na hiyo ndiyo alama ya kutimia kwa jengo. Kisha siku ya 20 ya mwaka wa 26, akiwa katika ukumbi wa kuogea wa jumba lake, akaamuru kwa kinywa chake kwamba vipawa alivyovitoa yeye, na alivyovitoa dada yake mkubwa, na walivyovitoa wake zake, na walivyovitoa watu wengineo, vyote vichorwe katika jiwe la hekalu. Mfalme ni wa kwanza, bila shaka, lakini amri yake haikukomea kwake. Dada yake, Kundavai, alitoa dhahabu na vyombo, akaweka na sanamu za baba yao na mama yao zipate kupewa heshima yake ndani ya hekalu. Amiri wa jeshi, Krishnan Raman, ndiye aliyejenga uzio wa mawe wenye baraza linalouzunguka ua, ua wenye urefu wa mita 240 na upana wa nusu yake. Na hata fundi mkuu, Kunjara Mallan, ametajwa kwa jina, heshima ambayo mafundi wa majengo makubwa ya zama zile hawakuipata mara nyingi.

Namna hesabu hizo zilivyoandikwa yaeleza mengi juu ya nia ya walioziandika. Vipambo vya miungu vimepimwa kimoja kimoja kwa mizani ya hekalu yenyewe, iliyoitwa Adavallan, jina la Shiva achezaye ngoma. Mwandishi hakuridhika kuhesabu lulu. Amezipambanua zilizo mviringo kamili na zilizokaribia mviringo, zilizosuguliwa na zilizobaki ghafi, ndogo, na zile pacha zilizoshikana tangu chazani, na kwa almasi na yakuti ameandika pamoja na aibu zake, zilizo na ufa na zilizo na doa. Kisha katika uzito wa kipambo akabainisha kuwa lakiri iliyojaza matundu imo katika hesabu. Sidhani kuwa anayeandika hivi anaandika kwa ajili ya kumsifu mtu. Anaandika ili mtunza hazina wa kesho, akija kuulizwa mbona lulu pacha imegeuka lulu moja, asiwe na pa kujificha, na akaliandika jambo hilo mahali ambapo kila apitaye aweza kulisoma.

Taa ni mfano mwingine. Aliyetaka taa moja iwake daima mbele ya mungu alitoa kondoo jike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa kufugwa 16, na wanyama hao wakakabidhiwa wachungaji waliotajwa, kwa sharti la kuleta samli ya kipimo maalumu kila siku, wao na watakaowarithi. Na katika hesabu wanyama hao walichukuliwa kuwa ni wasiokufa wala kuzeeka, kwa kuwa kundi huzaa na kujaza pengo lake. Fedha taslimu nazo hazikuwekwa sandukuni zilale. Zilikopeshwa mabaraza ya vijiji vya bonde la Kaveri kwa faida ya sehemu moja ya nane kila mwaka, na faida hiyo ikanunua chakula cha sadaka, na iliki, na machipukizi ya maua ya kutia harufu njema katika maji ya kuogeshea sanamu. Msomaji wa pwani atakayelinganisha mpango huu na wakfu wa msikiti, ambao shamba la minazi limefungwa ili mazao yake yawe mafuta ya taa na ujira wa mwadhini, hatakosea sana, ila azidishe ukubwa: hapa zilizofungwa katika wakfu mmoja ni wilaya nzima nzima, na fedha iliyotoka vijijini kama kodi ilirudi vijijini kama mkopo, ikachimba mifereji na kununua mbegu, kisha ikatoka tena kama riba. Kwa hiyo hekalu lilikuwa hazina, benki, bohari na mwajiri, na mtu wa Thanjavur ambaye hakuwahi kukanyaga chumba cha ndani aliweza kuishi umri wake wote kwa shughuli zake.

Wanawake wapatao 400, wachezaji ngoma wa ibada, waliletwa Thanjavur kutoka mahekalu ya pande zote za nchi ya Chola, wakapewa nyumba katika mitaa iliyopangwa karibu na hekalu, na ukuta umeandika kila mmoja wao: nyumba ya kwanza ya safu ya kusini katika mtaa wa kusini, jina lake, na hekalu alilotoka, kisha nyumba ya pili, kisha ya tatu, hata orodha ikaisha. Kila mmoja alipewa fungu la ardhi litoalo kalamu 100 za mpunga kwa mwaka, kalamu ikiwa ni kipimo cha nafaka cha Kitamili. Na akifa au akihama, jamaa yake wa karibu atalishika fungu hilo na kuifanya kazi, na jamaa huyo akiwa hana uwezo wa kazi, achague mwingine anayeweza. Katika orodha hiyohiyo wamo walimu wa ngoma, wapiga zumari, wabeba miavuli, wawasha taa, wanyunyiza maji, wafinyanzi, madobi, vinyozi, washoni, wanajimu, masonara. Nimesoma historia nyingi za wafalme wa karne ya 11, za Mashariki na za Magharibi, na katika nyingi ya hizo mfua nguo na mfinyanzi hawapo kabisa. Hapa wana fungu lao katika jiwe lilelile lililobeba jina la mfalme.

Hata hivyo, mwenye kuzipenda kuta hizi ana wajibu wa kuzisoma zote, na si zile kurasa zinazofurahisha peke yake. Sehemu ya dhahabu na fedha ya hekalu ilitoka katika hazina zilizotekwa kwa wafalme wa Chera na Pandya, na mfalme hakuificha asili yake, bali aliamuru iandikwe kwa fahari. Majeshi yake yaliuvunja mji wa Anuradhapura katika kisiwa cha Sarandibu, ambacho leo ni Sri Lanka, na baadhi ya vijiji vya kisiwa hicho vikaandikiwa hekalu la Thanjavur, mpunga wake na fedha yake vivushwe bahari kumhudumia mungu ambaye wengi wa wakulima hao, wakiwa Wabudha, hawakumwabudu. Kuna jambo jingine dogo zaidi kwa macho na zito zaidi kwa fikira. Makarani wa Rajaraja walipima ardhi ya kila kijiji hata kwa sehemu ndogo mno za kipimo chao, na katika kila kijiji wakatoa kwanza ardhi isiyolipa kodi, ambayo ni makao ya wenyeji, mabwawa, mifereji, mahali pa kuchomea maiti, na mtaa wa Waparaiya, wale waliohesabiwa kuwa najisi, wakaao mbali na wengine. Basi watu hawa wamo katika ukuta wa hekalu, ila wamo kama kiwanja kilichoondolewa katika hesabu. Jasho lao lililima mpunga uliopimwa kwa kalamu, na wao wenyewe hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti.

Dola ya Chola haikudumu kama jiwe lake. Mwana wa mfalme, Rajendra, ambaye majeshi yake yalifika hata mto Ganga na ambaye mnamo 1025 alituma merikebu kuishambulia Srivijaya ng'ambo ya ghuba, aliuhamishia mji wake mkuu Gangaikondacholapuram na kujenga huko hekalu lake, na katika karne ya 13 ukoo wote ukazimika. Kondoo wasiokufa wakafa. Mabaraza ya vijiji yaliyokopeshwa hayakuwako tena kulipa, wala wa kuyadai hakuwako. Wafalme wa Pandya, ambao babu zao walinyang'anywa dhahabu ile, waliuteka mji na kuupora, lakini katika ua wa hekalu walijenga hekalu dogo la mungu wa kike, mkewe Shiva. Baada yao, Wanayaka waliotawala Thanjavur tangu 1532 hata 1673 waliongeza hekalu dogo la Subrahmanya, lenye nakshi laini kana kwamba fundi alichonga mti, na ng'ombe dume mkubwa wa jiwe moja alalaye akiielekea linga, ambaye wageni wengi hupiga naye picha wakidhani ni wa Rajaraja. Wakalizungushia hekalu ngome na handaki. Kisha wakaja Wamaratha kutoka magharibi ya Bara Hindi, wenye lugha nyingine kabisa, na mfalme wao Serfoji wa Pili akaamuru mwaka 1803 historia ndefu ya ukoo wake ichorwe kwa Kimaratha katika ukuta wa ua huohuo.

Mimi nasoma katika mfululizo huu jambo moja. Kila aliyeshinda alilikuta jina la mwingine ukutani, naye hakulifuta. Alitafuta nafasi iliyobaki akaandika lake. Si kwa sababu walikuwa wapole, maana katika miji ya wenzao walibomoa na kuchoma, bali kwa sababu hekalu lilikuwa limekwisha kuwa kitu ambacho mtawala hupata haki ya kutawala kwa kukitunza, na mtawala mgeni, asiyekuwa na nasaba katika nchi, alikuwa na haja ya haki hiyo kuliko mwenyeji. Hivyo ndivyo jengo lililokusudiwa kumtukuza mtu mmoja lilivyookolewa na watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumpenda.

Wala hawakumkumbuka. Katika karne ya 18, vita vya Waingereza, Wafaransa na Nawabu wa Arcot viliufikia mji, ngome ya hekalu ikakaliwa na askari, na ibada ikasimama kwa muda; na kufikia karne ya 19 watu wa Thanjavur walikuwa wakisimulia kuwa hekalu lilijengwa na mfalme wa kale wa hadithi aliyeponywa ukoma. Jina la Rajaraja lilikuwa machoni mwao kila siku, limechorwa kwa maelfu ya herufi, lakini mwandiko wa karne ya 11 ulikuwa umekwisha kubadilika na hakuna aliyeusoma. Katika miaka ya 1880 Eugen Hultzsch, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa maandishi ya kale katika serikali ya Madras, pamoja na wasomi wa Kihindi waliofanya kazi naye, miongoni mwao V. Venkayya, walianza kuyanakili maandishi hayo na kuyachapisha, na mwenye hekalu akarudi. Mwaka 1931 S. K. Govindasamy, wa Chuo Kikuu cha Annamalai, alipoingia katika ujia wa giza uuzungukao ukuta wa chumba cha ndani, aliona chini ya picha za Wanayaka zilizokuwa zikibambuka picha nyingine za zamani zaidi, wachezaji ngoma wa kike na walii apandaye ndovu mweupe kwenda makao ya Shiva, na hizo zikawa ni za zama za Rajaraja mwenyewe. Mafundi wa Idara ya Mambo ya Kale wamefaulu baadaye kuzibandua kwa uangalifu za juu, wakazihifadhi mbali, ili zote mbili zionekane, kazi ambayo kwa maoni yangu yastahili sifa sawa na ya kuzichora.

Karne ya 20 ililirudia swali la wenyewe kwa ukali zaidi. Mwaka 1939, wakati mahekalu ya jimbo la Madras yalipokuwa yakifunguliwa moja baada ya jingine kwa watu waliofungiwa nje kwa kuzaliwa kwao, mlango wa Thanjavur nao ulifunguliwa, kwa idhini ya mkuu wa ukoo wa Wamaratha, ambaye kwa urithi ndiye msimamizi wa hekalu. Zilikuwa zimepita karne tisa na zaidi tangu karani alipoutoa mtaa wao katika hesabu. Ama wachezaji ngoma, mambo yao yalikwenda kinyume. Ufundi wao ulikuwa umedumu hata zama za Serfoji wa Pili, ambapo ndugu wanne wa ukoo wa walimu wa ngoma, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliupanga kwa utaratibu unaofundishwa hata leo. Lakini riziki ilipokwisha na heshima ilikwisha, wanawake wa hekalu wakaangukia katika dhuluma na aibu, na baada ya jitihada ndefu za Daktari Muthulakshmi Reddy na wenzake, sheria ya mwaka 1947 ilipiga marufuku kumtoa binti wakfu kwa hekalu. Sheria ilikuwa ya haki, na walioipigania walijua walichokiona. Hata hivyo, pamoja na dhuluma lilipotea fungu la ardhi, na haki ya mwanamke kuandikwa kwa jina lake. Na ngoma yenyewe, sasa ikiitwa bharatanatyam, ikahamia kwa mabinti wa nyumba ambazo zamani zisingekubali binti wao acheze mbele ya watu. Mwaka 2010, hekalu lilipotimiza miaka 1000, wachezaji 1000 walicheza kwa pamoja uani.

Leo wenye kudai ni wengi. Idara ya Mambo ya Kale ya serikali kuu hulitunza jengo. Ukoo wa Wamaratha una urithi wa usimamizi, pamoja na mahekalu mengine yaliyo chini yake. Serikali ya jimbo ina idara yake ya mambo ya dini. Na UNESCO, iliyoliingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, ililiunganisha mwaka 2004 na mahekalu mengine mawili ya Chola, la Gangaikondacholapuram na la Darasuram. Mivutano haikosekani. Mwaka 1972 serikali ya jimbo ilitaka kusimamisha sanamu ya Rajaraja ndani ya eneo la hekalu, serikali kuu isiridhie, nayo ikasimamishwa nje. Mwezi Juni 1997, katika sherehe ya kulitakasa hekalu upya, moto ulishika banda la makuti lililojengwa uani kwa ajili ya ibada, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wao katika msongamano wa kukimbilia mlango. Msiba huo ndio uliowafanya wengi kuhofu sherehe ya namna hiyo isirudiwe, na haikurudiwa hata tarehe 5 Februari 2020.

Sherehe hiyo ya 2020 nayo ilikwenda mahakamani kabla ya kufanyika. Wapenzi wa Kitamili walidai hekalu lililojengwa na mfalme wa Kitamili litakaswe kwa Kitamili. Makuhani na wafuasi wao wakashika Kisanskrit, lugha ya vitabu vyao vya ibada. Na Mahakama Kuu ya Madras, katika kikao chake cha Madurai, iliukubali mpango wa kutumia lugha zote mbili. Wengi wa pande zote waliuona uamuzi huo kuwa ni suluhu ya kisiasa, ya kumpa kila mmoja nusu. Lakini maandishi ya msingi wa mnara yanaanza kwa ubeti wa Kisanskrit na kuendelea kwa Kitamili, na mbali kidogo, katika orodha ya wanaolishwa na hekalu, imeandikwa posho ya waimbaji 48 na wapiga ngoma wawili, kila mmoja na kipimo chake cha mpunga kila siku, ambao kazi yao ilikuwa ni kuimba nyimbo za mawalii za Kitamili mbele ya Shiva, katika hekalu lilelile ambalo makuhani wake walisoma Kisanskrit.